Brayne na Mtoto Aliyemuuza

Anayeniuliza Brayne Zhitnik alikuwa mtu wa namna gani, humwambia kwanza habari za vidole vyake. Vilikuwa vyekundu, vimevimba, na kucha zimelika hadi nyama, maana kazi yake ilikuwa kunyonyoa kuku nyuma ya kibanda cha muuza nyama, soko la Belmont Avenue, hapa hapa Brownsville, Brooklyn. Kuku wetu hamwagiwi maji ya moto. Sheria ya dini yetu Wayahudi hairuhusu. Hunyonyolewa mkavu, na kuku mzee wa majira ya baridi haachii manyoya yake kwa hiari. Brayne alikaa juu ya kreti tangu asubuhi, kuku mapajani, manyoya hadi kwenye nyusi, na vidole vikichoka ulimi wake uliendelea na kazi.

“Brayne, kuku huyu mbona amekonda hivi?” mteja angemuuliza.

“Alikuwa akikungoja umalize kuvutana bei, akafa kwa mawazo.”

Sokoni tulicheka naye sana. Lakini ukipanda ngazi hadi orofa yetu ya nne na mlango ukafungwa, ulimkuta Brayne mwingine. Huyo alikwisha kuzika watoto watatu. Wawili walibaki katika udongo wa kwetu ng’ambo ya bahari, karibu na Pinsk, na wa tatu, Motl, alikufa hapa Brooklyn kwa surua, juu ya kitanda nilichomwazima mimi. Mumewe Leyzer alikwenda Cleveland kutafuta kazi na hakurudi tena. Watu wenye huruma walisema amekufa. Mimi nilisema ameoa.

Alibakiwa na mmoja, msichana, tena alizaliwa baada ya Leyzer kuondoka. Akamwita Alte. Kwa Kiyidi, lugha yetu, Alte ni bibi kizee. Ukimpa mtoto mchanga jina hilo, Malaika wa Mauti akija kuchukua mtoto akaambiwa kwamba ndani mna bibi kizee tu, atadhani amekosea mlango. Ndiyo akili ya watu wetu: tukishindwa kupigana na mtu, tunamchanganya. Brayne hakuishia kwenye jina. Alimfunga uzi mwekundu mkononi, hakumsifu hata siku moja, na mpita njia akisema mtoto huyu ana macho mazuri, Brayne alitema mate mara tatu na kusema keynehore, jicho baya lisimwone. Ukimwuliza Alte hajambo, alijibu, “Yupo.” Zaidi ya hapo hupati kitu.

Majira ya baridi ya mwaka ule dondakoo liliingia mitaa ya kwetu. Lilianzia Watkins Street, likavuka barabara, na asubuhi moja Alte akaamka na homa, shingo imejaa, anapumua kwa sauti ya msumeno. Nilipofungua mlango nilimkuta Brayne amesimama katikati ya jiko na taulo mkononi, haendi mbele wala harudi nyuma.

“Dvoshe,” akaniambia, “huyu naye anakwenda.”

Aliyejibu alikuwa Genendl Pomerants, jirani wa mlango wa pili, aliyeingia nyuma yangu na mikono yenye unga. Genendl alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti, na nyumba iliyojaa watoto. Hakuna hata mmoja aliyewahi kufa. Wanawake wa jengo letu walimwonea gere na kumheshimu kwa jambo hilo hilo.

“Niuzie,” Genendl akasema.

Desturi ile tuliijua sote tangu kwetu, ila hakuna aliyependa kuitaja kwanza. Mama ambaye watoto wake hawaishi humuuza anayeugua kwa mama mwenye bahati ya watoto. Malaika akija kumchukua mtoto wa Brayne, Brayne hana mtoto. Na watoto wa Genendl, kwa sababu azijuazo mwenyewe, hakuwahi kuwagusa.

“Ila ukiuza umeuza, mwenzangu,” Genendl akaendelea. “Hatuchezi mchezo wa kitoto hapa. Usimwite mwanangu. Asikuite mama, asikuite mame. Mtu yeyote akikuuliza, awe rabi, awe polisi, sema si wako. Yule Malaika ana masikio. Siku utakayosema ni wako, atakuja kuchukua kilicho chako.”

“Na akinililia?”

“Atanililia mimi.”

Brayne alimbeba Alte hadi kwenye ngazi, nje ya mlango wake, akamweka mikononi mwa Genendl na kupokea senti moja. “Huyu ni wangu,” Genendl akasema kwa sauti, akitazama juu. “Ni wako,” akasema Brayne. Alte alinyoosha mkono kumshika mama yake shingoni. Brayne akarudi nyuma hatua moja, na mkono ule ukabaki hewani.

Siku hiyo hiyo daktari wa serikali alikuja, akamtazama mtoto koo, akabandika karatasi ya onyo mlangoni, na gari la hospitali likamchukua. Hospitali ile ya magonjwa ya kuambukiza niliijua vizuri, maana nilikuwa nikifanya kazi katika chumba chao cha kufulia. Kiingereza nilikipata kwa kuwafulia Waairishi nilipofika nchi hii, na kila alipoletwa mtu wetu asiyejua kusema, waliniita nije na mikono yangu yenye sabuni nitafsiri.

Tulifuata sote watatu, na kwenye meza ya mapokezi tukamkuta Nesi Halloran, msichana mrefu wa Kiairishi mwenye madoadoa usoni. Akauliza, mama ni nani. Swali hilo Brayne alilielewa bila mimi.

“Si mimi,” akasema. “Mimi jirani.”

“Mimi ndiye mama,” akasema Genendl.

“Ana watoto wengine nyumbani? Wangapi?”

Nikamuuliza Genendl. Naye akaanza kukunja vidole, “Si mmoja, si wawili, si watatu,” hadi akafika si wanane.

“Anasema hana hata mmoja?” nesi akauliza.

“Anasema anao wanane, Sista. Sisi huwahesabu hivyo. Ukiwahesabu watoto sawasawa, yupo anayesikiliza.”

Nesi alinitazama kama ninayemdhihaki, kisha akaandika nane. Akatueleza kwamba wodini haingii mtu, isipokuwa mzazi, naye ni pale tu atakapoitwa. Genendl alitikisa kichwa na kuondoka mbio, na simlaumu, alikuwa na watoto wake wa kuwaogopea. Alte alibebwa ndani akiwa amefunikwa blanketi. Brayne alibaki nje ya geti la chuma.

Alisimama pale kesho yake, na kesho kutwa, katika theluji, huku kule sokoni kuku wakinyonyolewa na mwingine. Nilimwona kutoka dirisha la kufulia. Nilipomletea chai hakuichukua. Habari nilizokuwa nazo hazikuwa za kumpa mtu mwenye baridi: koo la Alte lilikuwa limeziba, na daktari alikuwa amempitishia mrija ndani ili apate pumzi. Pumzi alipata. Sauti ilikwisha. Mtoto mwenye mrija kooni hulia kwa midomo tu.

Brayne alinisikiliza hadi mwisho. “Nitafutie kazi humo ndani,” akasema.

“Kazi gani, Brayne? Humo hakuna kuku.”

“Sakafu zipo.”

Sakafu zilikuwepo, na wa kuzisugua hakuwepo, maana nani mwenye akili angekubali kulala na kula ndani ya jengo la dondakoo kwa mshahara ule? Mkuu wa wafanyakazi hakumuuliza hata jina mara ya pili. Akampa ndoo, brashi na gauni la kijivu. Hivyo ndivyo Brayne alivyoingia kwa mwanawe, kwa magoti, kama mgeni.

Sasa nisimulie habari za maneno, kwa sababu nesi yule alianza kunisumbua. Alinifuata hadi kwenye mapipa ya sabuni.

“Nipe maneno ya kwenu,” akasema. “Mtoto yule hanielewi. Nikimkaribia anadhani nimekuja kumchoma sindano.”

“Anadhani vyema, Sista.”

“Nipe maneno hata hivyo.”

Nikampa. *Trink* ni kunywa, hilo karibu ni *drink* yenu. *Shlof* ni kulala. *Sha* ni nyamaza, lakini kwa upole, kumwambia mtoto kwamba upo. *Nu* ni haya basi, na pia unangoja nini, na pia si nilikwambia, na pia umefikaje na mkeo hajambo. Ukiwa na *nu* moja unaweza kuishi na watu wetu mwaka mzima. *Nebekh* ni maskini wa Mungu, lakini humwambii mwenyewe usoni, unaliacha likutoke huku ukitikisa kichwa. Na ukitaka kumsifu mtoto, ukimaliza tu sema keynehore, la sivyo mama yake atakung’oa macho.

“Maana yake nini hilo?”

“Jicho baya lisione.”

Nesi Halloran hakucheka. Alirudi wodini akipita kitanda kwa kitanda na *nu* zake na *sha* zake, kwa lafudhi ya kwao ambayo ilifanya hata wagonjwa wenye homa watabasamu. Mzee mmoja wa wodi ya wanaume aliniambia hajawahi kusikia Kiyidi kikiteswa kwa mapenzi namna ile.

Ila lipo neno moja ambalo sikumpa, na akalijia mwenyewe. “Kuna neno anasema,” akaniambia. “Hana sauti, lakini midomo inalisema. Anaifunga, anaifungua, anaifunga tena, anaifungua. Kutwa nzima. Ni nini?”

“Hilo unalijua, Sista. Kwenu nako husemwa hivyo hivyo.”

Akageuka upande wa wodi. “Basi yule mama yake mnene yuko wapi?”

Nilishika shuka nikaendelea kulikamua. Lakini nesi hakuwa mjinga. Alikwisha kuona kwamba msugua sakafu mpya alikuwa akirudia kipande kile kile cha sakafu, kando ya kitanda kile kile, hadi mbao zikawa nyeupe. Alikwisha kuona pia mtoto anamtazama nani anapochezesha midomo.

Nilikuwepo alipomuuliza. Nilikuwa nimeleta mashuka. Nesi akasimama kati ya ndoo na kitanda, akamwelekezea Brayne kidole, akasema kwa Kiyidi chake, “Mame?”

Brayne aliinua uso. Alte alikuwa amegeuza kichwa juu ya mto wa kulalia, macho wazi, anasubiri.

“La,” akasema Brayne. “Mimi ni wa sakafu.”

Akainama, akachovya brashi, akaendelea. Midomo ya Alte ikafungwa. Tangu saa ile haikufunguka tena kwa mtu yeyote, si kwa kusema wala kwa kunywa. Nesi alijaribu maziwa kwa kikombe na kwa kijiko, akajaribu *trink* na *nu* na maneno yake yote, na maziwa yakatiririka shingoni. Kesho yake alikuwa bado hivyo. Daktari akasema mwili ule hauna akiba, na kwamba asipokunywa kabla ya jua kuchwa, mrija hautakuwa na kazi tena.

Hapo ndipo nilipomwambia nesi ukweli. Nilimvuta kwenye korido, nikamweleza kwamba huyu wa sakafu ndiye mama, na yule mnene amemnunua.

“Amemnunua? Mtoto? Kwa pesa?”

“Kwa senti moja.”

Uso wake ulibadilika, na nikajua kwamba neno linalofuata litakuwa polisi. Ni vigumu kuieleza habari ile kwa Kiingereza. Kila nililolisema lilitoka kama kesi ya mahakamani. Nikaacha kutafuta maneno mazuri. Nikamwambia tu kuhusu wale watatu walio ardhini, jina la bibi kizee, Malaika na masikio yake, na kwa nini mtu anaweza kumkana mwanawe kwa kumpenda.

Nesi aliegemea ukuta. “Bibi yangu aliwavalisha kaka zangu magauni hadi wakaanza shule,” akasema. “Majini ya kwetu huiba wavulana.” Kisha akajifuta uso kwa kofia yake. “Mwambie aseme neno moja tu. Aseme ni wake. Namwita mzazi sasa hivi, anakaa naye, anamnywesha mwenyewe. Nani wa kumkataza?”

Nikamfuata Brayne kwenye chumba cha ndoo. Nilikuwa na hasira, nakiri, hasira ya mtu anayeona mlango uko wazi na mwenzake anagonga ukuta.

“Sema ni wako,” nikamwambia. “Amekataa kunywa kwa sababu yako. Anakufa kwa sababu umemwambia la.”

“Anakufa nikisema ndiyo.”

“Nani kakwambia?”

“Motl.” Alikuwa akikamua tambara, na vidole vyake vilikuwa vinatoa damu katika maji ya soda. “Motl alipougua nilikaa kitandani nikasema mwanangu, mwanangu, mwanangu, usiku na mchana, mtaa mzima ukanisikia. Unakumbuka, ulikuwepo. Na Sore-Rivke kule Pinsk hivyo hivyo, na yule mchanga hivyo hivyo. Kila niliyemwita wangu alichukuliwa. Huyu sijamwita. Huyu bado yupo. Wewe, Dvoshe, una mizani gani nyingine ya kunipa?”

Aliyeumwa na nyoka akiona ung’ongo hushtuka, na huyu aliumwa mara tatu. Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa nikalia mbele yake bila haya.

“Usilie,” akasema. “Nenda kamlete mwenye mtoto.”

Nilikimbia Brownsville nzima na gauni la kufulia. Genendl alikuwa akipika, na watoto wamemzunguka. Nilipomweleza, alikaa chini.

“Nina wanane,” akasema, na kwa mara ya kwanza nikamsikia akiwataja sawasawa, bila kusema “si” wala keynehore. Hofu ilikuwa imemsahaulisha. “Dvoshe, nikiwaletea ugonjwa ule hapa?”

“Sijui, Genendl.”

“Nilisema nitamnunua. Sikusema nitamfia.”

Alitazama masufuria yake. Kisha akafungua aproni, akamwita binti yake mkubwa amalizie supu, akachukua shali. Njia nzima alikuwa akimtukana Brayne, na mimi, na meli iliyotuleta. Lakini alikuja, na ndiyo maana hadi leo mtu akimsema Genendl vibaya mbele yangu, anajuta.

Mtoto mwenye mrija hanyweshwi kama mtoto mwingine. Ukimkalisha wima, maziwa huingia kwenye pumzi. Lazima umlaze mapajani na kichwa kining’inie chini kuliko mwili, ndipo yapite njia yake. Nesi akamvika Genendl gauni jeupe, akamkalisha kwenye kiti, akamlaza Alte mapajani mwake, kichwa kikining’inia kuelekea sakafu. Na pale sakafuni alikuwepo Brayne, kwa magoti, na brashi mkononi. Hakuna aliyemwambia aondoke. Uso wa mtoto, juu chini, ulikuwa mbele ya uso wake, karibu kiasi cha kugusana.

Alte akamtazama. Midomo ikafanya lile neno.

“Mame ni huyo aliyekupakata,” Brayne akamwambia. Sauti yake haikutetemeka, sijui aliitoa wapi. “Huyo hapo juu. Mimi sikujui. Mimi nasugua tu. Lakini nimesikia watu wakisema kwamba mame huyo akimpa mtu maziwa, mtu hunywa. Haya. Nu.”

Nesi akatia chupa mdomoni. Mtoto hakunywa. Genendl alikuwa amefumba macho akimwomba Mungu kwa midomo iliyobana. Brayne akasugua, huku na huku, huku na huku, mahali pamoja, bila kuondoa macho.

“Watoto wa mame huyo hawafi,” akasema. “Wote wanajua hilo. Ni wa nani wewe?”

Alte alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akainua macho, kwa shida, hadi kwenye kidevu cha Genendl, na koo lake likasogea. Likasogea tena. Nesi alisema neno la Kiairishi ambalo sikuliuliza maana yake. Chupa ilipungua hadi nusu, na Brayne aliendelea kusugua hata baada ya mtoto kulala.

Genendl alikuja kila siku wiki ile, na watoto wake wanane hawakuugua. Brayne alikuwepo sakafuni kila mara, akimfundisha mtoto kwa sauti ya mtu anayejisemea. Mame yako ana nywele nyeusi. Mame yako ana jiko kubwa. Siku daktari alipoutoa mrija sote tulisimama kusikia kama sauti imebaki. Alte alikohoa, akalia kidogo kwa sauti ya ukwaru, akamnyooshea Genendl mikono yote miwili, akasema, “Mame.”

Nesi Halloran akamtazama Brayne. Brayne alitema mate mara tatu ndani ya ndoo yake. “Keynehore,” akasema, akatoka kwenda kumwaga maji. Nilimkuta kwenye korido amejikunja, aproni imejazwa mdomoni, asisikike.

Alte alirudi jengo letu, mlango wa Genendl. Brayne alirudi kwenye kreti yake sokoni, na wateja wakasema ulimi wake umekuwa mkali zaidi. Rabi alimwambia wazi: mtoto amepona, nenda ukamkomboe, unatoa kitu chochote, unasema maneno mawili, ni wangu, imekwisha. Brayne akakubali. Ijumaa moja alivaa gauni lake la sikukuu, akagonga mlango wa pili, nami nikiwa nyuma yake kama shahidi. Alte akafungua mwenyewe, kipande cha mkate mkononi, shavu limejaa. Chembe ikampalia, akakohoa. Ni chembe tu, hata mimi niliiona. Brayne alibaki kizingitini, mdomo wazi, na yale maneno mawili hayakutoka.

“Mwambie mame yako nimekuja kuazima chumvi,” akasema.

Mwakani, akaniambia. Mwakani kukawa na homa Osborn Street. Mwaka uliofuata mtoto wa mtengeneza kofia akapooza miguu. Katika Brownsville hapakosekani sababu, na Brayne alizijua zote. Alte akawa msichana mkubwa akivuka ngazi kila Ijumaa kumletea jirani Brayne mkate wa Shabati, Sabato yetu. Bila shaka alijua. Jengo letu halikuwa na kuta za kuficha habari kama hiyo, na Genendl si mwanamke wa siri.

Alipochumbiwa, alikuja mwenyewe. Sheria ya desturi ile ni kwamba mtoto hukombolewa kabla ya harusi, apelekwe chini ya chuppah, kitambaa cha kufungia ndoa, na mama aliyemzaa. Nilikuwa jikoni kwa Brayne nikimpaka mafuta vidoleni.

“Nimekuja uninunue,” Alte akamwambia. Alikuwa mrefu, mwenye macho yale yale. “Nimechoka kukuita jirani. Sema tu. Nina afya ya punda.”

“Tema mate,” akasema Brayne.

“Sema kwanza.”

“Tema mate, nimekwambia.”

Alte akatema, mara tatu, machozi yakimtoka. Brayne alimtazama kuanzia kichwani hadi viatuni, taratibu, kama anayetazama kitu dukani asichoweza kukinunua. “Bibie,” akamwambia, “mimi sina mtoto. Uliza mtaa mzima. Lakini nimesikia binti wa Genendl anaolewa, na nimefurahi sana.”

Siku ya harusi ukumbi ulijaa. Genendl, mnene maradufu, alimshika bibi harusi mkono upande mmoja na mama wa bwana harusi akamshika upande wa pili, wakampeleka chini ya chuppah. Brayne alisimama nyuma kabisa, mahali pa kutundikia makoti, na mimi karibu naye. Alte aligeuza kichwa mara moja akamtafuta kwa macho.

“Sasa nenda,” nikamnong’oneza. “Ni mzima. Ni mke wa mtu. Amekwisha kuvuka. Nenda umshike mkono angalau hatua za mwisho.”

“Nyamaza, Dvoshe,” akaniambia, na alikuwa amejificha nusu ya uso nyuma ya koti la mtu. “Unadhani yule mwenye masikio hapendi harusi?”